Kioo Kidogo cha Maandishi

Enyi vijana wa Rudewa mpendao ufundi, kioo kidogo chenye mistari 2 ya herufi 16 chaweza kuwaonyesha saa na joto la kompyuta ya nyumbani. Huunganishwa kwa kibao cha kati kinachochomekwa kwenye tundu la USB, pamoja na programu yake.

Kwanza zimeni umeme. Msipishanishe waya chanya wa volti 5 na waya hasi. Kosa hilo laweza kukiua. Kikiwaka bila maandishi, zungusheni skrubu ya kukoleza. Mkiona visanduku vyeusi mstari wa juu, msikitupe: umeme umefika, amri za kompyuta ndizo hazijafika.

Herufi za Kiswahili zimo tayari. Za Kiarabu kwa kawaida hazimo, na nafasi za kuchora mpya ni 8 tu. Basi chunguzeni kabla ya kununua kingine. Fedha ya nyumba ni amana.