Simu Isiyokwenda Popote

Huenda katika simu yako imo namba ya mtu ambaye hatapokea tena. Hukuifuta siku ya mazishi, hukuifuta siku ya kuanua tanga, na leo bado imo. Usione haya. Tulio wengi tunazo namba za namna hiyo. Wengine hata huzipiga, wakasikia sauti ya mtu mgeni kabisa, maana namba imekwisha kupewa mwingine.

Basi sikiliza habari ya simu moja ya Japani. Katika Otsuchi, mji mdogo wa pwani upande wa kaskazini mashariki, alikaa Bwana Itaru Sasaki, fundi wa kutengeneza bustani. Mwaka 2010 binamu yake alikufa kwa kansa. Bwana Sasaki alikuwa bado na maneno ya kumwambia. Akasimamisha bustanini mwake, kilimani, penye kutazama bahari, kibanda cheupe cha simu chenye vioo. Ndani akaweka simu nyeusi ya zamani, ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Waya wake haukuungwa na kitu chochote. Maneno, alisema, yatachukuliwa na upepo. Ndiyo maana huitwa Simu ya Upepo.

Tarehe 11 Machi 2011 nchi ilitetemeka, na bahari ikapanda juu ya pwani ile. Katika Japani nzima watu zaidi ya 18,000 walikufa au walipotea. Otsuchi peke yake ilipoteza zaidi ya watu 1,200, na meya wao akiwamo. Mamia hawakuonekana hata miili yao. Wewe unayejua maana ya kutupa udongo kaburini, fikiri msiba usio na kaburi! Ndipo watu wakaanza kupanda kile kilima, kwanza wa jirani, halafu wa mbali, hata wakawa maelfu. Baadaye vibanda vya namna hiyo vilijengwa katika nchi nyingine pia, kama Marekani.

Sasa tazama jinsi kitu hiki kilivyotengenezwa. Mlango unafungwa, na ndani hutosha mtu mmoja, hivyo mwanamume aliyejizuia kulia mbele za watu aweza kulia. Vioo vinamwonyesha bahari na miti, asijione yu gerezani. Kuzungusha namba kwahitaji subira: kidole kinapeleka, gurudumu linarudi polepole, tena na tena, mtu anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha anaweka simu sikioni, na hakuna anayejibu. Lazima aseme yeye.

Mkristo mwingine atauliza, je, huku si kuwaita wafu, jambo ambalo Kanisa limelikataza tangu zamani? Nami nilijiuliza hivyo. Lakini hapa hapana anayeitwa ajibu, wala hapana mganga anayesema kwa niaba ya marehemu. Nani kati yetu hajasimama kaburini mwezi wa Novemba, baada ya sala, akamweleza baba yake kwamba mtoto amefaulu shule?

Mashaka yangu yako mahali pengine. Februari 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilionyesha mama mmoja aliyevikwa miwani ya kompyuta, akaona mbele yake mfano wa binti yake aliyefariki mwaka 2016, mwenye miaka 7. Mfano ule ulimsemesha, na mama akanyosha mikono amshike. Sitamhukumu mama yule. Aliyefiwa na mtoto usimpimie machozi. Lakini tangu hapo zimetoka programu zinazosoma ujumbe wa marehemu na kumjibu mfiwa kwa namna yake ya kusema, na nyingine hulipiwa. Hapo fundi amemtilia marehemu maneno kinywani. Na siku mwenye kampuni akifunga duka, je, mtu yule atakufa mara ya pili?

Yako mambo madogo ambayo nayaona yana faida zaidi. Tangu mwaka 2015 Facebook imemruhusu mtu kuchagua, angali hai, ndugu atakayetunza ukurasa wake akifa. Ukurasa ukiandikwa kuwa wa ukumbusho, rafiki hawakumbushwi tena kumtakia marehemu heri ya siku ya kuzaliwa. Chagueni mtu huyo, ninyi wazazi, kama mnavyoandika wosia.

Nazo sauti zilizotumwa kwa WhatsApp, zihifadhini mahali pawili, wala msingoje kesho. Mimi nilibadili simu nisijue kwamba sauti za mama zimebaki katika ile ya zamani, nami nilikwisha kumpa fundi aifute. Hazikuwa na jambo kubwa. Katika ile ya mwisho alikuwa akiniagiza sukari kilo mbili, na kunikumbusha nisipite njia ya mtoni kwa kuwa mvua imenyesha.