Chemsha Kwanza, Ndipo Ugandishe

Kila ninapozungumza na wauza maziwa wa Busia, iwe upande wa Kenya au kule Sofia upande wa Uganda, swali la mwisho huwa lile lile: "Daktari, maziwa yakishaganda yenyewe, si ule uchachu umeshaua vijidudu?" Malaba na Tororo wananiuliza hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wengine wao huyaita bongo badala ya mala. Nimelijibu kwa upole kiasi cha kutosha. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeniuliza tena nitampa gazeti.

Jibu ni hapana. Maziwa mabichi yaliyoganda ni maziwa mabichi bado.

Tuhesabu saa. Ng'ombe anakamuliwa alfajiri, maziwa yanamiminwa kwenye mtungi wa plastiki uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, yanafungwa nyuma ya bodaboda na kufika sokoni jua likiwa limeshapanda. Wakati huo wote pH yake ni kama 6.7, hali ambayo karibu bakteria yeyote wa ugonjwa anaishi kwa raha. Ili yagande, bakteria wa asidi ya laktiki wanapaswa kula sukari ya maziwa mpaka pH ishuke hadi 4.6 hivi, na kwa maziwa yaliyoachwa tu kwenye chungu au kibuyu kazi hiyo huchukua siku nzima, pengine mbili. Saa za mwanzo hakuna uchachu wa kumzuia mtu. E. coli mmoja anayejigawa kila dakika 20 anakuwa zaidi ya milioni 2 baada ya saa 7. Uchachu unafika wageni wakiwa wameshajaa nyumba.

Ukishafika, haumfukuzi kila mmoja. Asidi huzuia wengi, huua baadhi, na wengine huivumilia. E. coli O157, anayeharisha watoto damu na kuwaharibu figo, alizua milipuko Marekani mwaka 1994 kupitia soseji zilizochachushwa na mwaka 1996 kupitia juisi ya tufaha isiyochemshwa. Juisi ya tufaha ni chachu kuliko mala nyingi mnazouziwa stendi. Bakteria wa brusela na wale wa kifua kikuu cha ng'ombe wanaweza kubaki hai kwa siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyoganda. Nani kati yenu hungoja siku kadhaa?

Anayenikera zaidi ni stafilokoka, kwa sababu yeye hata akifa anashinda. Hutoka kwenye kiwele chenye ugonjwa au mkono wa mkamuaji mwenye jipu, huzaana maziwa yakiwa bado hayajachacha, na humwaga sumu yake humo. Baadaye asidi inaweza kumpunguza hata nikipeleka sampuli maabara nisipate wa kuotesha. Sumu imebaki. Ukiyachemsha sasa haitoki; inastahimili nyuzi 100. Saa chache baada ya kunywa utakuwa unatapika, na utalaumu chapati.

"Lakini babu zetu walikunywa hivyo hivyo." Babu zetu walizika watoto wengi pia, na hakuna aliyeandika kilichowaua. Tena babu alikunywa maziwa ya ng'ombe wake anayemjua. Mtungi wa lita 20 unaovuka Busia leo umechangiwa na boma kadhaa, na kiwele kimoja kibovu kinatosha kuuharibu wote. Mkaa unaopakwa ndani ya kibuyu nao unatoa harufu nzuri na rangi. Hauui kitu cha maana.

Kisha yupo anayeniambia ananusa tu na kujua. Bakteria wanaoharibu ladha na wale wanaoleta ugonjwa ni makundi mawili tofauti, na Salmonela hana harufu ya kukuonya. Sisi wa maabara, ili tumtafute, tunachukua gramu 25 za chakula na kuziloweka kwenye mchuzi wa peptoni usiku kucha kwa nyuzi 37, ili hata waliochoka wapate nguvu. Kesho yake tunawahamishia kwenye mchuzi mwingine, nyuzi 41.5, unaowakandamiza wengine na kumwacha yeye. Siku ya tatu tunapaka juu ya agari nyekundu iitwayo XLD. Siku ya nne ninaiinua ile sahani kwenye mwanga na kutafuta madoa mekundu yenye kitovu cheusi kama wino. Hata hapo huyo bado ni mshukiwa. Uthibitisho unachukua siku nyingine. Kipimo cha PCR kina haraka zaidi, lakini kinasoma DNA, na DNA ya bakteria aliyekufa inasomeka sawa na ya aliye hai. Siku tano, watu wazima na mashine, halafu wewe una pua.

Msijifiche pia nyuma ya vipimo vya kituo cha kukusanyia maziwa. Laktomita inamkamata aliyetia maji. Kipimo cha alkoholi kinakamata maziwa yaliyoanza kuchacha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomwona Salmonela.

Sasa hoja ya kisasa, inayokuja na simu mkononi: mala ni probiotiki, na ukichemsha unaua bakteria wazuri. Kuchemsha kunafanywa kabla bakteria wazuri hawajatiwa, kwa hiyo hakuna wa kuuawa. Na neno probiotiki lina masharti, yaliyowekwa na wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2001: viumbe hai, kwa kiasi cha kutosha, vyenye faida ya afya kwa anayevitumia. Ya kibuyuni nani amehesabu? Watafiti walipochunguza suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa ya Kenya, walikuta waliotawala ni Streptococcus infantarius, wa ukoo wenye ndugu wanaohusishwa na maambukizi ya moyo. Hata mwenye vyeti ana mipaka. Aina ya bakteria iitwayo LGG iligunduliwa na Gorbach na Goldin huko Marekani katika miaka ya 1980; muda wa hataza ulipokwisha, shirika la Yoba for Life lilitengeneza pacha wake kwa bei nafuu kwa wagandishaji wadogo wa Uganda na majirani zake. Kazi nzuri, naipongeza. Lakini mwaka 2018 LGG ilijaribiwa kwa watoto 971 wa Marekani wenye kuhara na kutapika, na haikuwasaidia kuliko unga usio na dawa. Mama, mtoto akihara mpe ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Mala iliyotengenezwa vizuri ni chakula kizuri; dawa ya kuhara siyo. Akihara damu, mpeleke hospitali leo.

Ya kufanya ni machache. Chemsha maziwa siku ile ile ya kukamuliwa mpaka yafure na kupanda. Poza sufuria ikiwa imefunikwa hadi yawe vuguvugu. Tia bakteria wa pakiti, au kijiko cha mala iliyotokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitia ya mabichi umerudi ulikotoka. Chombo kiwe na mdomo ambao mkono wako unaingia kukisugua, kisha kisuuze kwa maji yanayochemka. Usiongeze maziwa mapya juu ya ya jana. Yakishaganda yaweke mahali pa baridi, na uyauze mapema. Na yakigoma kabisa kuganda, usizidishe kijiko: muulize mwenye ng'ombe kama alimchoma sindano ya kiwele wiki hii. Antibayotiki ile inawaua bakteria wa mala kabla hawajaanza kazi, na kuchemsha hakuiondoi. Maziwa hayo yamwage.