Malaika Ipi Uitolee Pesa?

Ukiandika "Malaika" kwenye programu ya muziki, huenda wa kwanza kukutokea akawa Nyashinski. Wimbo wake wa 2017 ni mzuri, ila sio huo. Anayeitafuta Malaika ya zamani, ile ya kijana aliyependa akakwamishwa na ukata, atashuka chini akutane na foleni: Fadhili William, Miriam Makeba, Boney M., Angélique Kidjo, bendi za hoteli za pwani, na watu wa karaoke wasiotaja hata majina yao. Wimbo ni mmoja, bidhaa ni nyingi, na baadhi yake hazistahili hata bando la kuzisikilizia.

Tuanze na Fadhili William Mdawida. Aliurekodi wimbo huu na kundi lake la Jambo Boys mnamo 1960, kisha akaurudia 1963 kwa Equator Sound, studio ya Charles Worrod jijini Nairobi. Magitaa yanatembea taratibu na sauti haijitutumui. Mwimbaji anaeleza shida yake kama mtu anayemnong'oneza rafiki, halalamiki wala halii. Kama pesa yako inatosha kununua rekodi moja tu, nunua hii.

Ununue katika umbo gani, hapo ndipo watu hupoteza fedha. Santuri ndogo za Equator zimekuwa mali ya wakusanyaji, na mkusanyaji hulipia lebo, jalada na uadimu kabla ya kulipia sauti. Nyingi zilichezwa kwenye baa kwa sindano butu, zikachunika. Anayetaka kusikiliza atafadhaika. Anayetaka kuweka kabatini atafurahi. Msikilizaji wa kawaida achukue faili la kununua au CD ya mkusanyo wa muziki wa Nairobi wa miaka ya sitini, ila asome maelezo kabla ya kulipa: mwaka, lebo na jina la bendi. Jina la Fadhili peke yake halitoshi, kwa sababu aliuimba wimbo huu zaidi ya mara moja.

Makeba ni biashara nyingine kabisa. Aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu ya RCA Victor ya 1965, An Evening with Belafonte/Makeba, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Albamu ina nyimbo 12, karibu zote za Afrika Kusini, na Malaika imekaa humo kama mgeni kutoka Kiswahilini. Wanaopenda lafudhi iliyonyooka watagunaguna. Mimi naona ndiyo santuri yenye faida kuliko zote kwenye orodha hii: ilitoka kwa kampuni kubwa na kwa wingi, hivyo katika maduka ya mitumba ya muziki ya Ulaya na Marekani si kitu adimu, na ukiinunua unapata nyimbo nyingine 11, zikiwemo za kupinga ubaguzi wa rangi. Mwenye ndugu ng'ambo amwagize. Asiye na mashine ya kuchezea aache, maana mashine itamgharimu kuliko santuri.

Boney M. waliitoa 1981, katika albamu ya Boonoonoonoos. Ngoma imenyooshwa kwa ajili ya disko na huzuni imesafishwa yote. Kwa sherehe inafaa, kwa kusikiliza peke yako usiku haifai. Kidjo aliiweka kwenye Logozo ya 1991, na hapo unalipia koo: sauti inapanda mahali Fadhili alipoinama. Wapo pia Hep Stars wa Sweden, walioirekodi 1967 wakati Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa ABBA, akiwa mpiga kinanda wao. Hiyo ni ya kuwachekesha wageni, usiitolee pesa.

Sasa gharama isiyoonekana. Wengi husema wanasikiliza bure. Faili la sauti la kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde linakula karibu megabaiti moja kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu na nusu ni kama MB 3.4. Ukiucheza mtandaoni mara moja kila siku kwa mwaka mzima, umemaliza kama GB 1.2 kwa wimbo mmoja. Ukiupakua mara moja, umetumia zile MB 3.4 tu. Ukitazama video badala ya sauti, hesabu inaruka mara kadhaa. Zidisha kwa bei ya bando lako, kisha linganisha na bei ya kununua faili. Malipo ya mwezi ya programu yanamfaa msikilizaji wa nyimbo nyingi, mradi akumbuke kwamba akiacha kulipa, nyimbo alizopakua zinafungwa. Wa kujaziwa nyimbo kwenye memori kadi dukani anajua mwenyewe anachofanya: bei ni ya kutupa, sauti mara nyingi imebanwa hadi imekonda, na hakuna senti inayomfikia aliyeimba.

Nani angefikiwa, basi? Rekodi nyingi humtaja Fadhili kama mtunzi. Adam Salim alidai aliutunga yeye mwaka 1945, na Lucas Tututu wa Mombasa naye ametajwa. Kwa mnunuzi jambo hili si umbea, kwa kuwa jina lililoandikwa ndilo linalofuatwa na mirabaha. Ukikuta rekodi imeandikwa "wimbo wa asili", jua kwamba aliyeitoa hakuona mtunzi wa kumlipa.

Wenye harusi ndio wanaolipa bei kubwa zaidi, na mara nyingi bila kujua. Sheria ya Kenya inamlinda mtunzi hadi miaka 50 baada ya kifo, na rekodi miaka 50 tangu ilipofanywa. Fadhili alifariki 2001. Kama mtunzi ni yeye, utunzi unalindwa hadi mwisho wa 2051, ingawa rekodi ya 1963 imeshatoka kwenye ulinzi huo tangu mwisho wa 2013. Nchi nyingine zina hesabu zao. Video ya harusi yenye Malaika ya Boney M. ikipandishwa YouTube, mfumo wao unaweza kuitambua rekodi, na mwenye haki akaamua kuizuia au kuiwekea matangazo yanayomlipa yeye.

Kukodi mpiga gitaa na mwimbaji ni ghali kuliko kumwambia DJ acheze faili, lakini kunaondoa dai la mwenye rekodi. Dai la mtunzi linabaki. Pia kunakupa la kuamua. Waambieni mapema mnataka mwendo upi, maana bendi nyingi zilizozoea hoteli zitawapigia ule wa watalii, wa haraka na wa kupiga makofi. Mkitaka wa Fadhili, watumieni rekodi siku kadhaa kabla, na mkubaliane bei kwa saa badala ya kwa wimbo, kwa sababu Malaika ikishaanza wazee wataomba irudiwe.