Jambo Bwana na Hesabu za Mirabaha

Kalinzi, mkoani Kigoma, inajulikana kwa kahawa, ndizi na maharage, lakini kando ya barabara iendayo Manyovu kuna bidhaa nyingine ambayo sijaona afisa biashara akiihesabu: nyimbo. Kijana mwenye kompyuta mpakato na spika moja anakujazia memori kadi au flashi kwa shilingi mia chache. Mteja hachagui wimbo mmoja mmoja. Anasema "niwekee zilipendwa" au "niwekee za Kikongo", na baada ya muda mfupi anaondoka na mamia. Humo ndani, pamoja na nyimbo za Franco na Mbaraka Mwinshehe, Jambo Bwana haukosekani. Pesa inaishia kwa kijana na kwenye bili ya umeme. Hakuna senti inayovuka mto Malagarasi kumfuata mtunzi.

Wengi wanaamini Jambo Bwana ni wimbo wa asili usio na mwenyewe. Unaye. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Mombasa, mmoja wa ndugu waliounda Them Mushrooms, bendi iliyoanza mwaka 1969 na kupata riziki yake katika hoteli za kitalii za pwani ya Kenya. Kila jioni wanamuziki walikuwa mbele ya wageni waliokwishajifunza maneno matano au sita ya Kiswahili na walikuwa na hamu ya kuyatumia. Teddy aliyachukua maneno hayo hayo ya salamu na ukaribisho, akayawekea mdundo rahisi ambao hata mtu asiyejua kucheza anaumudu. Wajuzi wa muziki waliukebehi. Kwa jicho la biashara, ni utunzi wa mtu aliyemjua mteja wake vizuri sana.

Ulitoka mwaka 1982 chini ya PolyGram, na katika miaka mitano iliyofuata nakala zaidi ya 200,000 ziliuzwa. Kwa santuri na kaseti za Afrika Mashariki, hiyo ni namba kubwa mno. Siri ilikuwa mnunuzi. Mwenyeji akinunua santuri anaiazimisha, jirani anairekodi kwenye kaseti, mauzo yanakufa mtaani. Mtalii anakaa wiki mbili, anataka kitu cha kubeba kwao, na anapoondoka, ndege nyingine inatua na wanunuzi wapya. Soko lilijaa upya lenyewe.

Mwaka 1983 Boney M., kundi la Ujerumani lililokuwa likiuza mamilioni ya santuri Ulaya, lilitoa toleo lake. Safari Sound Band nao walirekodi lao, na mpaka leo kuna wanaodhani wao ndio wenye wimbo. Hapa ndipo msomaji asiye wa fani hupotea, kwa hiyo tupunguze mwendo. Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile kazi ya siku fulani katika studio fulani. Bendi nyingine ikiurudia wimbo, mwenye rekodi ya mwanzo hana anachodai, na mpiga gitaa aliyebuni vionjo vya pale katikati mara nyingi hapati kitu. Anayestahili mrabaha, yaani malipo ya matumizi ya utunzi, ni mtunzi, ilimradi jina lake limeandikwa mahali panapotambulika. Wimbo ukirudiwa mara hamsini, jina hilo moja ndilo lenye thamani mara zote hamsini.

Sasa tazama bendi zetu za Tanzania za miaka hiyo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya jeshi la polisi, na nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, jambo ambalo wasanii wa leo wangelifurahia. Lakini suala la nani anamiliki utunzi halikumsumbua mtu, na bendi iliyotaka santuri kwa kawaida ililazimika kufunga safari hadi Nairobi, kwenye kampuni na mikataba ya huko. Ninadhani hasara kubwa ya muziki wetu ilianzia kwenye karatasi zilizokosekana, kabla hata ya wezi wa kaseti.

Wengine hawakulala. Mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, Disney waliomba kusajili "Hakuna Matata" kama alama ya biashara Marekani kwa ajili ya mavazi, wakaipata mwaka 2003. Afrika Mashariki ilikuja juu mwaka 2018, miaka kumi na mitano baadaye. Filamu hiyo hiyo ilitumia wimbo uliotokana na Mbube wa Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini aliyeuza haki zake kwa shilingi kumi za huko. Familia yake ilipata suluhu ya madai yake ya mirabaha mwaka 2006 kwa sababu mwanasheria mmoja alichimbua kifungu katika sheria ya Uingereza ya 1911 kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa.

Mkoa wa Kigoma una sababu ya kulijali jambo hili kuliko mikoa mingi. Diamond Platnumz na Alikiba wote wana asili ya huku, na mwaka 2012 wasanii wa Kigoma walikusanyika kurekodi wimbo Leka Dutigite. Vipaji vinatoka huku. Studio, lebo na mikataba viko Dar es Salaam. Wakulima wa kahawa wa Kalinzi wanaujua mtindo huo, ila wao walipiga hatua: kupitia taasisi ya Jane Goodall, kahawa ya milima hii ilipata mnunuzi Marekani na kuuzwa kwa jina la Gombe.

Sheria ya kuulinda wimbo kwa jina la mtunzi wake ipo tangu 1999, nayo ndiyo iliyozaa COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Baada ya marekebisho ya 2022, kukusanya na kugawa mirabaha kumeachiwa kampuni binafsi zenye leseni, COSOTA ikabaki msajili na msimamizi. Kisheria, baa ya Kalinzi inayopiga muziki inapaswa kulipia. Kusajili kunahitaji majina ya watunzi wote na mgawanyo wao, na hapo ndipo marafiki hugombana, kwa kuwa mgawanyo huulizwa baada ya wimbo kupendwa.

Wimbo Malaika unaonyesha gharama ya kutoandika mapema nani ni mtunzi. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. wakaurudia mwaka 1981, na watu kadhaa wamedai kuutunga. Nchini Kenya na Tanzania, haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Fadhili alifariki mwaka 2001, hivyo kama ni wake, warithi wanaweza kudai hadi mwisho wa 2051. Kama ni wa mwingine, tarehe ni nyingine na warithi ni wengine.