Barbados kwa Fedha Kidogo: Kipi Kilipwe Kwanza

Malalamiko yaliyotufanya tuandike makala haya yaliletwa ofisini kwetu na mume na mke, wote walimu wa sekondari, waliokuwa wameweka akiba kwa miaka miwili ili wafanye fungate yao iliyochelewa katika visiwa vya Karibiani. Waliona tangazo kwenye simu: Barbados, siku tano, ndege na hoteli pamoja, bila viza. Walilipa kwa awamu tatu. Siku ya safari, mbele ya kaunta ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, mhudumu alizitazama pasipoti zao akawaambia kwamba hawawezi kupanda. Tiketi zao zilipitia London, nao hawakuwa na viza ya mpito ya Uingereza. Wakala alijibu kwamba viza ni jukumu la abiria. Hoteli ilijibu kwamba mgeni asiyefika bila taarifa hutozwa siku zote alizoweka. Kila mmoja alionyesha kifungu alichokuwa amekiandika kwa herufi ndogo.

Tangazo lile halikusema uongo. Barbados haidai viza kwa matembezi mafupi kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya. Lakini ukweli huo ni nusu tu, kwa sababu hakuna ndege iendayo moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki hadi Bridgetown, na kila njia hupita katika nchi yenye masharti yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na kwa maoni yetu maneno “bila viza” yasiyofuatwa na jina la nchi ya kupitia yanakaribia mno mstari huo. Hata hivyo, mlaji asingoje sheria imfidie. Fedha nyingi za safari hii hazipotei kisiwani. Hupotea kabla ya kuondoka, kwa kulipa vitu sahihi kwa mpangilio usio sahihi.

Njia kabla ya bei

Jambo la kwanza kuliuliza ni njia, hata kabla ya kuuliza bei. Ndege nyingi zinazotoka Ulaya kwenda Bridgetown huanzia London. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hutakiwa kuwa na viza ya mpito ya Uingereza hata kama hawatatoka nje ya kiwanja, isipokuwa kwa wale wenye viza halali za nchi chache zinazokubalika. Upitapo Marekani, mathalani Miami au New York, hali ni kali zaidi: huko hakuna utaratibu wa abiria wa kimataifa kubaki katika eneo la mpito, bali kila mmoja hupita uhamiaji, hivyo viza ni lazima. Kanada nayo hudai viza ya mpito. Kupitia Amsterdam ni rahisi zaidi kwa mwenye pasipoti ya Tanzania anayebaki ndani ya eneo la kimataifa, ila ndege za huko kwenda Bridgetown huruka kwa baadhi ya misimu tu. Masharti haya hubadilika. Yathibitishe kwa ubalozi na kwa kampuni ya ndege yenyewe katika wiki unayotaka kulipa, si kwa jirani aliyesafiri mwaka juzi.

Tiketi ya bei ya chini kuliko zote mara nyingi huficha mambo mawili. La kwanza ni kubadili kiwanja. Kushuka Heathrow na kupandia Gatwick kunaonekana kwenye karatasi kama mapumziko ya saa sita, ilhali viwanja hivyo vimetengana kwa zaidi ya kilomita 60 za barabara, na ili uvuke kati yake ni lazima uingie Uingereza rasmi. Viza ya kubaki ndani ya kiwanja haitoshi tena. La pili ni tiketi mbili zilizouzwa kana kwamba ni moja. Ikiwa kipande cha Dar es Salaam hadi London na kile cha London hadi Bridgetown vimekatwa mbalimbali, kampuni ya pili haiwajibiki ukichelewa kwa sababu ya ile ya kwanza, na kwa kawaida mizigo huishia London, ukalazimika kuingia nchini kuichukua. Muulize wakala kwa maandishi: je, safari nzima imo katika tiketi moja, na mizigo itaandikiwa hadi Bridgetown? Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa sentensi moja hafai kupewa fedha.

Hapo ndipo mpangilio wa malipo unapoanzia. Thibitisha njia, omba viza ya mpito ukitumia nakala ya uhifadhi ambao haujalipiwa, au tiketi inayoruhusu kurejeshewa fedha, ukishaipata viza, lipia tiketi yako ya mwisho, hoteli iwe ya kufutika bila gharama hadi siku chache kabla ya kufika. Tunajua kwamba kusubiri viza huongeza bei ya tiketi. Ongezeko hilo ni dogo kuliko kupoteza tiketi nzima.

Tuseme pia neno kuhusu tofauti kati ya uhifadhi na tiketi, maana ndipo matapeli wanapoishi. Mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo anaweza kukuhifadhia kiti na kukuchapishia karatasi nzuri yenye jina lako, tarehe na msimbo wa herufi na tarakimu sita. Karatasi hiyo haimaanishi kwamba kampuni ya ndege imepokea hata senti moja. Uhifadhi usiolipiwa hufutika wenyewe baada ya muda. Tiketi iliyotolewa ina namba yake ya tarakimu 13, na tarakimu tatu za mwanzo ni za kampuni ya ndege. Dai namba hiyo siku unayolipa, kisha fungua tovuti ya kampuni ya ndege, si ya wakala, uone kama safari yako imo na tiketi imetolewa. Lipa kwa namba ya biashara iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Likitokea jina la mtu binafsi kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, simama hapo hapo.

Siku tano ni siku ngapi?

Kutoka Nairobi hadi London ni takribani saa 9 angani, na kutoka London hadi Bridgetown ni saa 8 na nusu hivi. Ukijumlisha safari ya kufika Nairobi na muda wa kungoja, ni zaidi ya saa 24 kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Barbados iko nyuma ya saa zetu kwa saa saba: unapokwenda unazipata, unaporudi unazitoa. “Siku tano” za tangazo zilikuwa siku tatu za kukanyaga mchanga. Kwa maoni yetu, safari fupi ya Karibiani kutoka huku isipungue usiku saba kisiwani. Chini ya hapo, gharama ya nauli kwa kila siku ya mapumziko inakuwa kubwa mno. Mlaji asiyeweza kupata siku hizo asione aibu kwenda Pemba.

Kuhusu msimu, bei hupanda kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili, watu wa nchi za baridi wanapokimbia majira yao. Hupanda tena mwanzoni mwa Agosti kwa sababu ya sherehe za Crop Over, ambazo kilele chake ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo. Bei za chini huangukia msimu wa vimbunga, unaoanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari kubwa zaidi ni kati ya katikati ya Agosti na Oktoba. Barbados imekaa mashariki ya visiwa vingine, na mara nyingi huepuka. Kimbunga Elsa cha Julai 2021 kilikuwa cha kwanza kukipiga kisiwa hicho tangu Janet wa mwaka 1955. Lakini Julai 2024 Beryl alipita kusini mwake na kuharibu vyombo vingi vya wavuvi. Kwa hiyo tunapendelea Mei, au siku za mwanzo za Desemba. Anayekwenda katika msimu wa vimbunga anunue bima ya safari mapema, kwa kuwa bima inayonunuliwa baada ya kimbunga kupewa jina kwa kawaida haikilipii kimbunga hicho. Asome pia kama bima hiyo inagusa kunyimwa viza; mara nyingi haigusi.

Wasomaji wa pwani wataielewa taabu nyingine: mwani. Si huu unaolimwa Paje na Jambiani, bali mwani wa kahawia unaoelea kutoka Atlantiki na kurundikana ufukweni, hasa upande wa mashariki na kusini, kati ya Machi na Agosti, ukatoa harufu unapooza. Picha za hoteli haziuonyeshi. Omba picha ya wiki hiyo.

Kisiwani

Barbados ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 430, chini ya theluthi ya Unguja, na fukwe zake zote ni za umma. Mgeni wa nyumba ya bei ndogo anaoga bahari ile ile ya mgeni wa hoteli kubwa. Pwani ya magharibi, katika Saint James, ni ya matajiri; ya kusini, kuanzia Hastings na Worthing hadi Oistins, ina vyumba vyenye jiko dogo, na jiko ndilo linalookoa bajeti, kwa kuwa vyakula vingi huagizwa kutoka nje na mikahawa ni ghali. Maji ya bomba ni salama kunywa, hivyo hakuna haja ya kununua ya chupa. Ijumaa jioni watu hukusanyika Oistins kula samaki wa kuchoma. Chakula cha taifa ni cou-cou na samaki warukao. Cou-cou si kitu kigeni kwetu, ni ugali wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia.

Usafiri wa umma ni wa namna tatu: mabasi ya serikali ya rangi ya buluu, mabasi madogo ya manjano, na magari meupe yenye mstari wa rangi ya damu ya mzee ambayo namba zake huanza na ZR. Haya ya mwisho yana muziki, msongamano na mwendo ambao mkazi wa Mbagala hatahitaji kuelezwa. Nauli ni dola 3.50 za Barbados, uende karibu au mbali. Basi la serikali halirudishi chenji. Kituo kipo nje ya kiwanja cha ndege, na kutoka hapo hufikia Oistins na Bridgetown.

Neno “dola” ndilo linalowapoteza wageni. Dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1975, na zote mbili hupokelewa madukani. Teksi hazina mita. Dereva akisema dola 40, uliza za wapi kabla ya kufunga mlango. Mkahawani, tazama kama asilimia 10 ya huduma imekwisha kuongezwa kwenye bili kabla ya kutoa bakshishi. Mashine ya kadi ikikuuliza kama ukatwe kwa sarafu ya kwenu, chagua ya Barbados, kwani kiwango cha mashine huwa kibaya kuliko cha benki.

Machache ya kufungasha: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hasa kwa anayetoka Kenya au kupitia huko, nacho hutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, si siku ya kuchanjwa, tiketi ya kurudi na anwani ya malazi, ambavyo uhamiaji huuliza, na kigeuza umeme, kwa kuwa wao hutumia volti 115. Fomu ya kuingia hujazwa kwenye tovuti ya serikali ya Barbados bila malipo. Tovuti inayodai ada si ya serikali. Acha nyumbani nguo yoyote ya madoa ya kijeshi, hata ya mtoto, kwani ni kosa kuivaa.

Mambo yakiharibika

Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, Kenya na Barbados zimejiunga nao, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21. Kulalamika kwa mdomo kaunta hakuhesabiki. Ndege inayoondoka Uingereza ikichelewa sana kwa kosa la kampuni, abiria wa uraia wowote anaweza kudai fidia inayofikia pauni 520 kwa safari ndefu kama ya Bridgetown. Ikichelewa kwa sababu ya kimbunga, fidia hiyo haipo, lakini chakula na malazi vinabaki kuwa haki yake.

Walimu wetu wawili walirejeshewa kodi na tozo za viwanja ambazo hazikutumika, jambo ambalo hawakujua kwamba linaweza kuombwa hata kwa tiketi isiyorejeshewa nauli. Kwa wakala shauri bado linaendelea, na linaendelea kwa sababu mke alikuwa amehifadhi picha ya tangazo pamoja na ujumbe wote wa simu. Anayeleta malalamiko ofisini kwetu aje na vitu hivyo: tangazo lenyewe, stakabadhi za kila awamu, namba ya tiketi ya tarakimu 13, na barua aliyomwandikia wakala kabla ya kuja kwetu.