Mtoto wa Mwanajeshi na Skafu ya Skauti

Wapo walimu wanaoamini kwamba mtoto aliyelelewa katika kambi ya jeshi hahitaji kufunzwa uskauti. Hoja yao ni kwamba mtoto huyo ameamshwa na tarumbeta tangu utotoni, ameona viatu vikipigwa rangi hadi vikang'aa kama kioo, na babake ni bingwa wa kupiga hema, kusoma ramani na kuwasha moto hata penye mvua. Kwa muda mrefu nimewafundisha watoto wa kambini na kujuana na wazazi wao, nami siafikiani na dhana hiyo hata kidogo.

Si ajabu dhana hiyo kuenea, kwa maana uskauti wenyewe ulizaliwa na mwanajeshi. Robert Baden-Powell alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza aliyeuongoza mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa na Makaburu kwa siku 217 kati ya mwaka 1899 na 1900. Katika mji huo wavulana wadogo walipewa kazi ya kupeleka barua na ujumbe, naye akaona jinsi mtoto anavyoweza kuaminika akiaminiwa. (Wanahistoria hawajamsamehe kwa jinsi Waafrika wa mji huo walivyopunjwa chakula wakati wa mzingiro, na mwalimu anayemsimulia mtu huyu kwa wanafunzi asiiruke sehemu hiyo.) Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana wapatao ishirini kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake cha maskauti. Uzeeni alihamia Nyeri, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake lina alama ya duara lenye nukta katikati, ambayo kwa skauti maana yake ni kwamba mwenye safari amekwisha kwenda nyumbani.

Hata hivyo, mwanajeshi huyu hakutaka watoto wawe wanajeshi. Alisisitiza kwamba wagawanywe katika vikundi vidogo vya watu sita hadi wanane, kila kikundi kikiwa na kiongozi ambaye ni mtoto mwenzao. Gwaride, ambalo katika shule zetu nyingi limefanywa kuwa uskauti mzima, yeye alilihesabu kuwa jambo dogo. Askari husubiri amri. Skauti hufunzwa kutazama, kuamua, kisha kutenda. Hapo ndipo familia ya mwanajeshi inapopata mtihani wake wa kwanza.

Niieleze familia moja ninayoifahamu. Baba ni sajini wa jeshi la nchi kavu, mama ni mshonaji, na binti yao mkubwa alijiunga na Sungura, daraja la maskauti wadogo, akiwa darasa la tatu. Baba alifurahi kupita kiasi. Kila Ijumaa jioni aliikagua sare ya mtoto kama anayekagua walinzi wa lango. Alipopewa likizo alijitolea kuja shuleni kusaidia, na kwa nusu saa uwanja mzima ulitetemeka kwa sauti yake. Watoto walisimama wima kama mihimili, wala hakuna aliyethubutu kuuliza swali. Mlezi wa maskauti, mwalimu wa kike aliyekuwa bado kijana, alimwita kando kwa adabu. Fahali wawili hawakai zizi moja, na kwa bahati njema sajini alikuwa mtu msikivu. Wiki iliyofuata alikuja bila kofia wala kelele, akaketi chini ya mti, akawaonyesha watoto jinsi ya kuitafuta kaskazini kwa kijiti na kivuli. Nadhani siku hiyo aliwafaa zaidi kuliko ambavyo gwaride lingewafaa kwa mwaka mzima.

Kisha akapelekwa Somalia. Majeshi yetu yaliingia nchi hiyo mwezi wa Oktoba 2011, na tangu hapo nyumba nyingi za kambini zimezoea kuhesabu miezi ya zamu. Mzigo wote wa uskauti ukamwangukia mama: ada ya kambi, kibali cha safari, beji za kushonwa usiku baada ya kazi za wateja. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde ilishambuliwa, na familia zikakaa siku kadhaa bila kujua nani yu hai na nani hayupo. Baba wa binti huyu alikuwa kambi nyingine, lakini baba za rafiki zake je? Siku ya mkutano wa maskauti ilipofika, yule mlezi hakuahirisha wala hakuhutubia. Aliwapa kamba, wakafunga mafundo kwa saa nzima, wakawasha moto, wakachoma mahindi. Mama aliniambia baadaye kwamba usiku huo ndio wa kwanza mtoto wake kulala bila kushtuka.

Mwaka uliofuata walihamishwa. Binti alikuwa amekwisha kupanda daraja la Chipukizi, tena alikuwa kiongozi wa kikundi chake. Katika shule mpya, ambayo sitaitaja, aliambiwa kwamba hakuna ushahidi wa beji zake, azibandue, akaanze upya na watoto wa Sungura. Tufikirie hali yake: nyumba si yake, marafiki wamebaki nyuma, baba yuko mpakani, na kitu kimoja alichokuja nacho kutoka maisha ya zamani ndicho anachovuliwa shingoni. Alikiweka kile kitambaa chini ya godoro, akakataa kwenda mikutanoni kwa muhula mzima.

Aliyemwokoa ni mama. Aliomba nauli kwa jirani, akarudi katika mji wa zamani, na mlezi akamwandikia barua ya ukurasa mmoja akieleza mtoto alichofuzu, lini, na mbele ya nani. Mwalimu mkuu mpya aliposoma barua hiyo alibadili uamuzi siku ile ile.

Sasa nauliza: kwa nini barua hiyo haikuandikwa mtoto alipokuwa akiaga? Mwanafunzi anayehama hupewa ripoti ya alama zake za hisabati. Maskauti wote duniani hula ahadi inayofanana na husalimiana kwa mkono wa kushoto (jambo ambalo bibi wa Pwani hatalistahimili), lakini kutoka shule moja hadi nyingine katika nchi moja tunashindwa kutambuana. Daftari la kurasa thelathini, lenye sahihi ya mlezi na muhuri wa shule, lingetosha. Alichukue mtoto mwenyewe, si ofisi. Nao wazazi wa kambini walidai kabla lori la mizigo halijafika mlangoni, maana amri ya uhamisho aghalabu haitoi nafasi ya kurudi.

Binti huyo sasa yuko chuoni, katika daraja la Jasiri. Babake amestaafu, na wikendi huitwa kufundisha ramani katika shule ya jirani. Huenda bila kofia.