Kuweka Hesabu za Duka "Winguni"

Siku hizi neno "wingu" lasikika sana katika mambo ya biashara, na wengine hudhani ya kuwa ni kitu kilicho juu angani. Sivyo. Ni kompyuta nyingi zilizopangwa katika majumba makubwa ya kampuni fulani, na mteja hupanga nafasi humo kama mtu apangavyo chumba. Amazon ilianza kupangisha nafasi za namna hiyo mwaka 2006.

Tuseme mfanyabiashara ana maduka matatu: Tanga, Korogwe na Lushoto. Ataka kujua ni bidhaa ipi imleteayo faida, na ni mwezi gani sukari huuzwa zaidi. Je, achague chombo gani?

Kwanza na ahesabu. Maduka yote yakiuza mara 200 kwa siku, kwa mwaka atakuwa na mistari 73,000. Ukurasa mmoja wa Excel huchukua mistari 1,048,576, yaani mauzo ya miaka 14 na zaidi. Mtu huyu hana haja ya ghala kubwa la data, hata mwuzaji alisifu namna gani. (Nao wauzaji wa vyombo hivi hawapungukiwi na maneno.)

Lakini kampuni ya mabasi ikatayo tikiti usiku na mchana katika mikoa yote, mambo yake ni mengine. Fikirini daftari lenye safu nne: tarehe, bidhaa, kiasi, bei. Hifadhi ya kawaida huweka mstari mzima pamoja, na hiyo ni njia njema ya kuandika mauzo au kutafuta risiti moja. BigQuery ya Google, Redshift ya Amazon na Snowflake huweka kila safu peke yake. Ukitaka jumla ya bei, husomwa safu ya bei tu, nyingine zikaachwa. Ndiyo sababu vyaweza kujumlisha mamilioni ya mistari kwa sekunde chache.

Malipo nayo hutofautiana, na hapa ndipo wengi hunaswa. BigQuery, katika mpango wake wa kawaida, hutoza kwa kadiri ya data iliyosomwa. Karani aitishaye safu zote pasipo haja huongeza gharama. Snowflake hutoza kwa muda ambao mashine zafanya kazi. Zisipopangiwa kujizima, mwenye mali hulipa hata kama hakuna aulizaye neno.

Tena yako mambo ya hatari. Mwezi Machi 2021 moto uliteketeza jumba moja la kompyuta la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao kabisa. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa dhaifu Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Duka lisiloweza kuandika mauzo pasipo intaneti, siku kama hiyo hurudia karatasi na kalamu.

Majina na simu za wateja pia si vitu vya kupeleka nje ovyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yaweka masharti.

Basi kabla ya kutia sahihi, mfanyabiashara na aombe arudishiwe data zake za siku moja, azifungue katika kompyuta yake mwenyewe, aone kama zasomeka.